Theluji Nzito Ikishaanguka: Uende Kuskii Siku Gani, Saa Ngapi

Taarifa ikisema sentimita 50 zimeanguka usiku mmoja, watu humiminika mlimani asubuhi ileile kuskii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa vibao virefu vya miguuni. Wengi wao huishia kwenye foleni ya magari, au chini ya lifti iliyosimama (viti vya kwenye kamba vinavyowapandisha watu mlimani), wakitazama juu kwenye ukungu. Kiasi kilichoanguka hakitoshi kuamua siku. Siku nzuri huja pale mambo matatu yanapokutana: theluji imeacha kuanguka, upepo umetulia, na lifti za juu zimefunguliwa. Mara nyingi hayakutani siku ya kwanza. Ndiyo maana mpango unaofanya kazi ni kufika kabla barabara hazijafungwa, kulala karibu, na kuteleza dhoruba ikishapita.

1. Anza kufuatilia siku tano kabla, lakini usiamue mapema

Utabiri wa siku 5 hadi 7 mbele hukuambia tu kwamba kuna kitu kinakuja. Kiasi chake na saa yake hubadilika kila siku. Shika nafasi ya malazi inayoweza kufutwa, kisha fanya uamuzi zikiwa zimebaki saa 48 hadi 72. Soma utabiri wa mlima wenyewe, unaotaja mwinuko, usisome wa mji ulio bondeni. Linganisha vyanzo viwili au vitatu. Kimoja kikisema sentimita 20 na kingine 60, panga safari kwa kutegemea 20.

Katika utabiri huo tafuta mambo manne.

Kwanza, kiasi cha maji. Utabiri mwingi hutolewa kwa milimita. Milimita 1 ya maji hutoa takriban sentimita 1 ya theluji ya kawaida. Kukiwa na baridi kali na upepo mdogo inaweza kutoa sentimita 1.5 au hata 2, na joto likikaribia nyuzi sifuri hupungua chini ya 1. Kwa hiyo milimita 25 zinaweza kuwa sentimita 20 za theluji nzito iliyolowa au sentimita 45 za theluji ya unga. Maji ni yaleyale, siku ni mbili tofauti kabisa.

Pili, mwinuko wa nyuzi sifuri, yaani kimo ambapo joto la hewa ni sifuri. Theluji huendelea kushuka mita 200 hadi 300 chini ya mwinuko huo kabla haijageuka mvua. Tuseme kituo cha chini cha lifti kipo mita 1,400, kilele mita 2,600, na nyuzi sifuri ipo mita 1,800: theluji itaanguka hadi karibu mita 1,500 au 1,600, na pale chini utakuta mvua au matope ya theluji. Ukijua joto la kituo cha chini tu, punguza nyuzi 0.65 kwa kila mita 100 unazopanda. Nyuzi 2 kwenye mita 1,500 ni kama nyuzi 4.5 chini ya sifuri kwenye mita 2,500. Hesabu hiyo hukosea asubuhi tulivu zisizo na mawingu, hewa baridi inapotuama bondeni na kilele kikawa na joto zaidi.

Tatu, upepo wa kileleni. Huo una sehemu yake hapa chini.

Nne, na hili ndilo wengi hulipuuza: joto linakwenda wapi kuanzia mwanzo wa dhoruba hadi mwisho wake. Dhoruba ikianza na joto na kumalizikia kwenye baridi, theluji nzito hukaa chini na nyepesi juu; chini panashika, juu panateleza vizuri. Ikianza na baridi na kumalizikia kwenye joto, mpangilio unapinduka: tabaka zito linakalia tabaka laini. Skii huzama chini ya tabaka zito na kukwama humo, magoti huumia, na theluji ya mteremko wote inakuwa tayari kuporomoka. Ukiona utabiri unaonyesha joto likipanda saa chache kabla dhoruba haijaisha, punguza matumaini hata kama namba ya sentimita inavutia.

2. Isome taarifa ya theluji kwa jicho la mashaka

Kila kituo cha kuskii hutoa namba alfajiri. Kabla ya kuiamini, jiulize imepimwa wapi, na kwa muda gani. Kipimo cha "saa 24" kinaweza kuhesabu theluji iliyoanguka jana mchana, ambayo watu wameshaikanyaga yote. Unachokihitaji ni kilichoanguka tangu lifti zifungwe jana, kwa kawaida kama saa kumi jioni. Namba ya "saa 48" au "saa 72" hutangazwa zaidi pale ya usiku inapokuwa ndogo. Na kipimo cha kileleni hakisemi lolote kuhusu nusu ya chini ya mlima.

Vituo vingi vina kamera inayotazama ubao wa kupimia wenye rula. Ubao hufagiwa kwa saa maalumu, mara nyingi jioni. Tafuta saa hiyo, kisha angalia picha za usiku moja baada ya nyingine. Utajua sentimita ngapi zimeanguka, na zimeanguka lini. Theluji iliyoanguka kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri ni nzuri kuliko ile iliyoanza alfajiri, kwa sababu kikosi cha doria, kinachokagua mlima na kulipua theluji inayotishia kuporomoka, kinapata muda wa kufanya kazi yake. Kumbuka pia kwamba theluji mpya hujishindilia yenyewe: sentimita 40 za jioni zinaweza kuonekana kama 30 kesho yake bila hata chembe kuyeyuka.

Mwanzoni mwa msimu angalia unene wa msingi, yaani theluji ya zamani iliyo chini ya hiyo mpya. Sentimita 40 za unga juu ya mawe na visiki hazikingi chochote; skii hupita ndani yake na kugonga jiwe. Hapo ndipo skii hutobolewa tumbo na magoti huvunjika. Msingi ukiwa mdogo, baki kwenye njia zilizosawazishwa kwa mashine zilizo juu ya majani, hata ukisikia wenzako wakipiga vigelegele kwingine.

3. Upepo: ndio unaofunga mlima

Theluji nyepesi huanza kuhama upepo ukifika kama kilomita 25 kwa saa. Upepo huikwangua upande unaovumiwa na kuirundika upande wa pili wa mgongo wa mlima, ule uliokingwa. Upande huo unaweza kupokea theluji mara kadhaa ya kile kinachoanguka kutoka angani. Mteremko ambao taarifa inasema una sentimita 30 ukawa na mita nzima, na jirani yake ukabaki barafu tupu.

Mambo mawili hutokea. Lifti za viti za juu husimamishwa, kwa kawaida upepo unapofika kilomita 60 kwa saa au zaidi, na mapema zaidi ukivuma kwa ubavu wa kamba. Na theluji iliyorundikwa hushikana na kuwa bamba moja, ambalo ukilikata mahali pamoja linang'oka lote. Kwa hiyo utabiri wa upepo wa kileleni ukivuka kilomita 50 kwa saa, panga siku ya katikati na chini ya mlima, ndani ya miti, au chagua kituo kingine ambacho lifti zake nyingi ziko chini ya mstari wa miti, yaani kimo ambacho juu yake miti haioti.

Usishangae upepo ukitulia na lifti bado hazitembei. Barafu hujijenga kwenye kamba, magurudumu na viti. Lazima igongwegongwe kwa mkono, nguzo baada ya nguzo, na vituo vya juu vichimbuliwe. Kazi hiyo huchukua saa, si dakika.

4. Chagua siku

*Siku theluji bado inaanguka.* Huoni mbali. Juu ya mstari wa miti, ardhi na anga huwa rangi moja. Mtu hajui kama anasogea au amesimama, wengine hupata kizunguzungu. Miti hurudisha macho, kwa sababu inakupa kitu cheusi cha kupimia. Kama uko tayari mlimani, siku hii ina faida moja kubwa: foleni ni fupi na alama zako hufunikwa kila unapopanda tena. Vaa miwani yenye lenzi ya mwanga hafifu, ya njano au waridi. Lenzi nyeusi siku hiyo ni kujifunga kitambaa usoni.

*Asubuhi ya kwanza ya jua.* Hii ndiyo inayopigwa picha. Theluji ipo, lakini watu wapo pia, na miteremko mikali ya juu mara nyingi haijafunguliwa. Kituo chenye watu wengi hukanyagwa chote ndani ya saa mbili. Asubuhi hii ni yako ukiwa umelala hatua chache kutoka kwenye lifti. Ukitoka mjini kwa gari, huenda ukaukosa mzunguko wa kwanza na wa pili wa kupanda na kuteremka.

*Siku ya pili.* Kwa maoni yetu ndiyo siku bora kwa mtu wa kiwango cha kati na kuendelea, hasa ikiwa dhoruba ilileta zaidi ya sentimita 50. Doria imemaliza kulipua, lifti za juu zinafunguliwa moja moja, na kila inapofunguliwa kuna mlima mzima ambao haujaguswa. Theluji imejishindilia kidogo, inabeba skii vizuri zaidi kuliko jana. Umati wa jana umepungua.

*Siku ya tatu.* Kwa wanaoanza, hii ndiyo siku. Tunasisitiza kwa sababu wanaoanza ndio hudanganywa zaidi na picha. Theluji ya kina humlemea asiyejua kugeuza: skii haziko juu, huzioni, na kila anguko ni dakika 5 za kujichimbua. Siku ya tatu mashine za kusawazisha zimepita usiku mara mbili, njia ni laini, pana, na kuanguka hakuumi.

Kiasi kizuri cha usiku mmoja ni sentimita 15 hadi 35. Zikizidi 60 tatizo hugeuka: miteremko mikali hufungwa kwa hatari ya maporomoko ya theluji, na kwenye ile ya wastani iliyoachwa wazi theluji ni nene mno kiasi kwamba huteremki, unasimama tu, umezama hadi mapajani.

Siku za juma zina uzito wake. Dhoruba inayoisha Jumanne usiku ni tofauti na inayoisha Ijumaa usiku, hata sentimita zikilingana. Ukiweza kuhamisha siku moja ya likizo, ihamishe kwa ajili hiyo.

Majira ya kuchipua muda hubana. Jua la wakati huo hulainisha theluji mpya kabla ya adhuhuri, na usiku huigandisha kuwa ukoko. Theluji ya Machi mwishoni au Aprili katika kizio cha kaskazini ina thamani ya asubuhi moja. Siku ya pili hapa haipo, isipokuwa kwenye miteremko mirefu inayotazama kaskazini. Kusini mwa ikweta, kivuli hicho kiko upande wa miteremko inayotazama kusini.

5. Barabara

Barabara za vituo vingi hupita chini ya njia za maporomoko, kwa hiyo hufungwa ili theluji iliyo juu yake ilipuliwe au barabara isafishwe. Korongo la Little Cottonwood huko Utah, linalopeleka watu Alta na Snowbird, ni mfano maarufu: barabara inapofungwa, na hatari ikizidi, waliolala juu huamriwa kutotoka nje ya majengo mpaka kazi iishe. Januari 2018 watalii wapatao 13,000 walikwama Zermatt, Uswisi, baada ya barabara na reli kufungwa. Waliokuwa juu walikuwa salama majumbani, ila mipango yao ya kuondoka ilivurugika. Acha siku moja ya akiba kabla ya ndege yako ya kurudi.

Panda kabla dhoruba haijakolea, ukiweza saa 6 hadi 12 kabla ya theluji nzito kuanza. Hakikisha:

- tairi za majira ya baridi, zenye alama ya mlima na chembe ya theluji ndani yake. Maandishi ya M+S (matope na theluji) peke yake hayatoshi;
- minyororo ya saizi ya tairi zako, uliyokwisha kuifunga walau mara moja nyumbani, mchana, mikono ikiwa na joto. Ifunge kwenye magurudumu yanayoendeshwa na injini, tembea mita chache, kisha ikaze tena;
- tangi la mafuta nusu au zaidi. Gari la umeme lianze safari na chaji nyingi, maana baridi hupunguza umbali wake;
- koleo, blanketi, taa ya kichwani, maji, na maji ya kioo yasiyoganda;
- ukurasa wa hali ya barabara wa mamlaka husika, si ramani ya simu peke yake. Ramani huweza kukupitisha kwenye njia ya mkato ambayo haijawahi kuona greda majira yote ya baridi.

Ukikwama kwenye theluji na injini inanguruma, chimbua bomba la moshi kwanza. Likiziba, gesi yenye sumu huingia ndani, nayo haina harufu ya kukuonya.

6. Asubuhi yenyewe

Andaa vitu usiku: buti za skii ndani ya chumba chenye joto, zisikae garini, maana plastiki iliyoganda haifungiki. Skii pana, zenye milimita 100 au zaidi chini ya mguu, huelea. Za milimita 75 hadi 85 zinafaa njia zilizosawazishwa. Ukizoea nyembamba, kodisha pana kwa siku hiyo tu. Waliokuja na ubao mmoja wa kusimamia kwa miguu yote miwili (snowboard) wasogeze viungio vinavyoshika buti nyuma kidogo ili pua isizame.

Saa kumi na mbili asubuhi soma taarifa tatu kwa mpangilio huu: barabara, maporomoko, lifti. Mojawapo ya mbili za kwanza ikiwa mbaya, ya tatu haina maana.

Saa moja na nusu uwe umeegesha. Egesha ukielekeza gari kwenye njia ya kutokea. Jioni utaona sababu. Saa mbili na robo uwe kwenye foleni, kama lifti hufunguliwa saa tatu.

Usikimbilie lifti kuu ambayo kila mtu anaikimbilia. Panda ya pembeni, teleza mara mbili au tatu, huku ukitazama lifti ya juu. Dalili za kufunguliwa zinajulikana: milipuko imekoma, viti vitupu vimeanza kuzunguka, watu wa doria wanashuka wakipanga kamba na bendera. Hapo ndipo pa kusogea. Waliosubiri chini ya lifti hiyo tangu saa tatu huwa wamepoteza mizunguko minne au mitano.

Fuata jua kwa kulikwepa. Miteremko ya mashariki huchomwa kwanza, kwa hiyo imalize mapema. Ya magharibi inaweza kungoja hadi mchana. Ya kivuli ihifadhi mwisho. Njia zilizosawazishwa zikafunikwa na sentimita 10 hadi 15 ni raha kubwa saa moja ya kwanza, na kufikia saa tano zinakuwa vichuguu. Mguu unachoka haraka kuliko kawaida kwenye theluji ya kina. Ajali nyingi za magoti hutokea mchana, kwenye mzunguko wa "mmoja wa mwisho".

7. Mambo yanayoua

Maporomoko mengi hutokea wakati wa dhoruba na ndani ya saa 24 baada yake, kwenye miteremko yenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45, ambayo ndiyo hasa watu huitafuta. Sentimita 30 ndani ya saa 24, pamoja na upepo, zinatosha kuamsha hatari. Taarifa ya maporomoko hutumia madaraja 1 hadi 5. Watu huogopa 4 na 5 na kubaki nyumbani. Daraja la 3 ndilo linalowapata wengi, kwa kuwa theluji ni nzuri, anga ni safi, na tayari kuna alama za watu kwenye mteremko. Alama za wengine si ushahidi wa usalama. Bamba linaweza kumbeba wa kumi baada ya kuwaacha tisa.

Jua tofauti hii kabla ya kusafiri. Amerika Kaskazini, eneo lote lililo ndani ya mipaka ya kituo na lililofunguliwa hukaguliwa na doria. Ulaya, kwa kawaida kinacholindwa ni njia zilizowekewa alama tu. Ukitoka mita 5 nje ya nguzo, uko mlimani peke yako. Anayetoka anahitaji redio ya kutafutia waliofukiwa, kijiti cha kuchokolea chenye sentimita 240 au zaidi, koleo la chuma, na mwenzake mwenye vitu hivyohivyo anayejua kuvitumia. Aliyefukiwa ana takriban dakika 10 hadi 15 kabla nafasi yake ya kuishi haijaporomoka. Kikosi cha uokoaji ni nadra kuwahi muda huo. Anayewahi ni mwenzako. Kamba iliyofungwa usiivuke kwa sababu yoyote.

Hatari nyingine haina kelele. Chini ya misonobari yenye matawi yanayogusa theluji hubaki shimo la theluji legevu. Mtu huanguka humo kichwa kikitangulia na hawezi kujitoa, hata mlima ukiwa shwari na njia ikiwa mita 10 tu kutoka hapo. Telezeni wawili wawili mkionana muda wote, si kukutania chini. Ukianguka, shika tawi au shina na ubakize kichwa juu. Ukizama, tulia na utengeneze nafasi ya hewa mbele ya uso. Mwenzako asikuvute miguu. Achimbe kutoka ubavuni kuelekea kichwani.

8. Skii iliyopotea, na kurudi

Skii ikichomoka kwenye theluji ya kina, mara nyingi iko juu ya mahali uliposimamia, sio chini, maana wewe uliendelea kuteleza nayo ikabaki. Weka alama kwa fimbo mahali ulipoanguka, panda mita chache, kisha kata theluji kwa mkia wa skii ya pili ukienda kushoto na kulia, mistari ikiachana sentimita 20. Anayejua atatumia theluji ya kina hufunga utepe mrefu wa rangi kali kwenye kila skii na kuuchomeka ndani ya suruali.

Jioni usishuke na umati wa saa kumi. Ondoka saa nane, au kaa hadi saa kumi na mbili. Kabla ya kuwasha gari, ondoa theluji yote juu ya paa, maana breki ya kwanza huishusha kwenye kioo cha mbele. Safisha taa na namba za gari, na uangalie tena hali ya barabara. Chini kulikonyesha mchana huganda giza likiingia, na lami inayong'aa kama imelowa, kwenye daraja hasa, ichukulie kuwa ni barafu.